Maoni ni zao la kuona, si la kusikia

MNAMO Aprili 10, 2025, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere walipanda jukwaani mjini Nakuru katika tamasha za kitaifa za maigizo, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Tamthilia yao, Echoes of War, haikuigizwa.

Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba waruhusiwe kuiwasilisha. Hata hivyo, mwandalizi wao, aliyekuwa Seneta wa Kakamega Bw Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku uliotangulia, nao wasichana wakakataa kuigiza bila yeye. Nje, polisi walikuwa wakitawanya watu kwa vitoa machozi.

Kabla ya jua kutua siku hiyo, Wakenya wengi mno walikuwa wamekwisha kutoa maoni yao mitandaoni kuhusu tamthilia hiyo. Wako waliosema kuwa ni kazi bora ya sanaa ambayo haijapata kuonekana nchini. Wako walioapa kuwa ni uchochezi mtupu uliovishwa sare za shule. Wako waliolaumu waelekezaji, wako waliolaumu serikali, na wako waliowalaumu wasichana wenyewe.

Jambo moja liliwaunganisha wote hao. Isipokuwa wachache waliobahatika kuitazama katika hatua za awali, hakuna aliyekuwa ameiona tamthilia yenyewe jukwaani.

Sisemi hivi ili kuwakejeli. Wengi walikuwa wakitetea haki ya watoto kuigiza, na haki hiyo haihitaji mtu awe ametazama mchezo ndipo aitetee. Lakini kutetea haki ya mchezo kuigizwa ni jambo moja, na kutoa hukumu kuhusu ubora au ubaya wa mchezo huo ni jambo jingine. Siku ile mambo hayo mawili yalichanganywa kama mchele na chuya.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Maoni ni nomino iliyozaliwa na kitenzi kuona. Wazee waliotuachia lugha hii walikuwa na sababu ya kuamini kwamba anayetoa maoni ni mtu aliyeona kitu, na anachotupa ni mazao ya macho yake. Hata rai, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu kwa maana iyo hiyo, huko kwao limetokana na mzizi wenye maana ya kuona. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimekubaliana: rai hutanguliwa na macho.

Leo mpangilio huo umegeuzwa. Maoni hutangulia, macho yakifuata iwapo yatapata nafasi.

Yapo mazungumzo, hata hivyo, ambayo hayahitaji ushahidi wowote. Mnamo mwaka wa 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo ya wanadamu haina lengo la kupashana habari. Watu huzungumzia mvua, afya, na mambo yanayojulikana na kila mtu, kwa sababu kule kuzungumza kwenyewe ndiko kunakowaunganisha.

Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili na Malinowski. Anayekuuliza "Hujambo?" hatarajii taarifa ya daktari, nawe ukimjibu "Sijambo" hali una homa hakuna atakayekuita mwongo. Ndiyo maana Kiswahili kina utajiri wa majina kwa mazungumzo ya namna hii. Tuna soga, tuna gumzo, tuna porojo, tuna domo. Tena tuna umbea na usengenyaji, ambayo ni majina ya mazungumzo hayo hayo yakivuka mpaka. Jamii iliyobuni maneno yote haya ilikuwa inajua kupambanua.

Nilipokuwa nikikusanya data ya lahaja ya Kiamu, nilikaa majioni mengi kwenye baraza za Lamu, yale majukwaa ya mawe yaliyojengwa kuambatana na kuta za nyumba. Huko nilisikia watu wakihukumu kila kitu chini ya jua: kandanda ya Uingereza, bei ya samaki, tamthilia za runinga, na ndoa za majirani. Sauti zilipanda. Nilidhani mara nyingine kwamba watapigana. Kisha adhana ikasikika, wakainuka, na kesho yake wakarudi pale pale kana kwamba hapakuwa na lolote.

Nikajiuliza ni kitu gani kinachowalinda watu hawa wasiumizane. Nilipoirudia data yangu nikagundua kwamba ulinzi ulikuwa katika vijineno vidogo ambavyo wanaisimu wengi huviruka.

Msemaji wa barazani alipozungumzia jambo asilolishuhudia, alianza na "nasikia". Alipokuwa na shaka nalo, alitia "ati". Alipolipokea kwa watu asiowajua, alisema "yasemekana". Alipokuwa akikisia, alitanguliza "labda" au "huenda". Na alipokuwa ameona mwenyewe, alisema "kwa macho yangu haya mawili", na hapo wenzake walimnyamazia.

Zipo lugha duniani ambazo sarufi yake humlazimisha msemaji aonyeshe katika kitenzi iwapo alishuhudia jambo au alisimuliwa tu. Kiswahili hakina kiambishi cha kazi hiyo. Badala yake kimewaachia vijineno hivi mzigo mzima, na vimeubeba kwa karne nyingi. "Ati" ni stakabadhi. Humwambia msikilizaji kwamba bidhaa hii sikuitengeneza mimi, basi usiinunue kwa bei kamili.

Mtandao umefanya nini basi? Wengi husema kwamba umewafundisha vijana matusi. Naona kwamba hilo ni jibu jepesi, kwani matusi yalikuwapo kabla ya umeme. Badiliko kubwa ni kwamba soga, ambalo tangu jadi lilikuwa la mdomo, sasa limekuwa maandishi. Lilipohamia katika maandishi lilipoteza mambo matatu.

Kwanza, limepoteza hadhira inayojulikana. Barazani msemaji alijua nani yuko na nani hayuko. Leo mtu humwandikia rafiki yake, nayo maneno yake yakasomwa na mwajiri, mkwe, na hasimu.

Pili, limepoteza usahaulifu. Kusahau kulikuwa rehema. Upuuzi alioutamka kijana wa miaka 17 ulipotea na upepo wa jioni ile. Leo unahifadhiwa, na unaweza kufufuliwa akiwa na miaka 30 anapoomba kazi.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi kama mwanaisimu, limepoteza vijineno vyake. Maandishi ya simu hupenda ufupi na makali. "Nasikia ati huenda" hukatwa kwanza, kwa kuwa yanaonekana kama mafuta yasiyo na nyama. Hubaki sentensi tupu, yenye sauti ya hakimu.

Niruhusu, msomaji, nitoe mfano unaoniaibisha. Katika mtaa ninaoishi kuna mama anayekaanga na kuuza samaki karibu na lango. Jioni moja jirani aliandika katika kundi letu la simu kwamba anasikia ati samaki wa mama yule ni wa jana. Ilikuwa soga tu. Mwingine akaupeleka ujumbe mbele bila "anasikia". Wa tatu akaondoa "ati". Kufikia saa tatu usiku ujumbe ulikuwa unasema kwamba samaki wameoza na kwamba kuna watoto wamelazwa.

Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilikuwa miongoni mwa walioupeleka mbele. Nilimtumia ndugu yangu anayeishi mtaa wa pili, kwa nia njema, ili awakinge wanawe.

Hapakuwa na mtoto aliyelazwa. Hapakuwa na samaki aliyeoza. Lakini mama huyo alikaa karibu wiki tatu akirudi nyumbani na karai lililojaa. Nilipokwenda kununua na kumwomba radhi, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, sasa neno hili nimdai nani?"

Sikuwa na jibu. Kila mmoja wetu alikuwa ameondoa neno moja dogo tu.

Swali la mama huyo linatupeleka mahakamani, maana wako wanaoamini kwamba dawa ya yote haya ni sheria kali. Historia yetu ya karibuni haiungi mkono imani hiyo.

Mwezi Aprili 2016, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kimetumiwa kumshtaki Geoffrey Andare kwa sababu ya maneno aliyoandika katika mtandao wa Facebook. Mahakama iliona kwamba lugha ya kifungu hicho ilikuwa pana na isiyo bayana kiasi kwamba raia asingeweza kujua ni wapi mpaka ulipo. Mwezi Februari 2017, mahakama hiyo ikabatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Aliyechafuliwa jina angali na njia ya kudai fidia kwa kesi ya madai, lakini si ya kumtia mwenzake gerezani.

Kwangu mimi, hukumu ile ya 2016 ilikuwa somo la semantiki. Sheria ilitumia vivumishi kama vile "ya kuudhi mno" bila kueleza ni nani mwenye kuudhika wala kwa kipimo gani. Kivumishi kisicho na kipimo kikipewa pingu, kila mwenye pingu atakipima apendavyo.

Na pingu zaweza kuishia pabaya. Mnamo Juni 2025, mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kumhusu mmoja wa wakuu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Maandishi yale yawe yalikuwa ya kweli au ya uongo, nchi iliyo na Katiba haina kifungu chochote kinachotoza maneno bei hiyo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Inaondoa katika uhuru huo propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, na inamtaka kila mtu aheshimu haki na hadhi ya wengine. Mipaka hiyo ni ya busara. Hakuna aliyeyaona yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati jumbe za simu zilipokuwa zikiwasha moto mashambani na mijini, atakayesema kwamba maneno hayaui. Kwa sababu hiyo ilizaliwa sheria ya 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa.

Hoja yangu ni kwamba mambo matatu hayapaswi kutiwa katika kapu moja. Kuna soga, ambalo ni haki ya kila mwanadamu, hata likiwa la kipuuzi. Kuna uvumi, ambao ni soga lililonyang'anywa "nasikia" yake, na ambao dawa yake ni elimu, masahihisho, na pale ulipoleta hasara, fidia. Kisha kuna uchochezi, ambao ni wito wa kumdhuru mtu au kabila, na huo ndio unaostahili mkono wa dola. Anayemfuata mwandishi wa soga kwa nguvu za kumfuatia mchochezi ameua mbu kwa rungu, na mara nyingi rungu humkosa mbu likampata mtoto aliyelala.

Ningekuwa mchoyo wa haki nisipotaja wema wa soga hili jipya. Baraza za mawe nilizozisifu zilikuwa za wanaume. Wanawake walikuwa na kumbi zao, lakini rai zao hazikufika barabarani. Leo binti wa Voi anaihakiki riwaya au kipindi cha runinga na kusomwa na watu asiowajua kutoka Busia hadi Unguja. Ni kweli kwamba mara nyingi hutukanwa kwa kuwa ni mwanamke, na hilo ni doa letu. Lakini mlango umefunguliwa, na haustahili kufungwa tena.

Isitoshe, Kiswahili hakijapata kuandikwa na watu wengi kama kinavyoandikwa sasa. Kwa miaka mingi, kuandika Kiswahili kulikuwa kazi ya walimu, wahariri, na wasomaji wachache waliotuma barua na mashairi magazetini, tangu enzi za Mambo Leo la Tanganyika lililoanza mwaka wa 1923. Wakereketwa wenzangu hulalamika kwamba kinachoandikwa mitandaoni kimejaa Sheng na tahajia mbovu. Nawajibu kwamba hata Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alisifika kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini pekee na kuuleta sokoni, ukajibizana na wapinzani na kuzungumzia maisha ya kila siku. Lugha inayopigiwa soga ni lugha iliyo hai.

Tena wananchi wa kawaida wanajua kutoa maoni yenye mashiko pale wanapokuwa wameona. Chukua kandanda. Mnamo Agosti 10, 2025, Harambee Stars iliishinda Morocco 1-0 uwanjani Kasarani katika michuano ya CHAN, Ryan Ogam akifunga bao hilo, na Kenya ikacheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10. Nilisoma mabishano ya usiku ule hadi usingizi ukanikimbia. Watu walitaja dakika, walitaja nafasi za wachezaji, walieleza ni kwa nini safu ya ulinzi haikuvunjika. Aliyedai jambo lisilotokea alisahihishwa papo hapo, na alikubali, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ametazama mechi ile ile.

Linganisha na mwezi Aprili mwaka uo huo, kuhusu tamthilia ya Butere. Wabishi ni wale wale, simu ni zile zile, hata hasira ni ile ile. Tofauti ni kwamba bao lilionekana na tamthilia haikuonekana. Hili linapaswa kuwafikirisha wanaopenda kufungia kazi za sanaa. Walioizuia tamthilia isitazamwe hawakuzuia maoni. Walizuia macho tu, na maoni yasiyo na macho ndiyo yaliyowatafuna.

Je, sisi walimu tutajitoa vipi katika lawama? Kila mtu aliyefundisha fasihi ya Kiswahili katika shule zetu za upili anaijua siri hii. Mwanafunzi hupewa riwaya au tamthilia teule, naye hununua mwongozo. Mwongozo humwambia maudhui ni yapi, mhusika fulani ni katili na fulani ni mvumilivu, kisha yeye huyanakili hayo katika mtihani na kupata alama nzuri. Amehitimu kwa kutoa maoni kuhusu kitabu asichokisoma, nasi tumempongeza, wazazi wamemchinjia kuku. Kesho akitoa maoni mtandaoni kuhusu tamthilia asiyoitazama, tunashangaa nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Katika darasa langu nimeanza kutumia kanuni moja ndogo. Mwanafunzi anayetoa rai sharti aanze kwa kusema alivyoijua: nimesoma, nimetazama, nimesimuliwa, au nakisia. Hakuna jibu linalokataliwa. Anayekisia huruhusiwa kukisia, mradi akiri. Mwanzoni walicheka. Baada ya wiki chache nilisikia mmoja akimkatiza mwenzake kwa upole: "Hiyo umesoma au umesimuliwa?" Mwenziwe akatulia, akasema, "Nimesimuliwa," na mjadala ukaendelea bila ya mtu kushinda wala kushindwa. Zoezi kama hilo halihitaji bajeti wala tarakilishi, na lingeweza kuingizwa katika somo la kusikiliza na kuzungumza tangu shule za msingi.

Kwa polisi na viongozi wa mashtaka, ombi langu ni kwamba kabla ya kumkamata mtu kwa neno, wajiulize neno hilo ni soga, ni uvumi, au ni wito wa kumwaga damu. Kwa waandalizi wa tamasha na wakaguzi wa sanaa, iacheni kazi itazamwe, kisha muihukumu pamoja na umma uliotazama.

Na kwa kila mmoja wetu mwenye simu mkononi, tuvirudishe vile vijineno. Havigharimu chochote. Ukipokea ujumbe wenye "nasikia", usiupitishe bila "nasikia" yake. Ukipokea usio nayo, na wewe hukuona, iongeze.

Mama yule wa samaki angali langoni. Wateja wake wamerejea, ingawa si wote. Juzi alinipakulia na kuniambia, huku akicheka, "Wa leo hawa, mwalimu. Waangalie mwenyewe kabla ya kula."

Nikawaangalia.